Diski Niliyoihesabu Kuanzia Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa brashi ya kupakia rangi, mpya kabisa, nikaonywa nisiichovye kwenye rangi yoyote. Kazi yake ilikuwa kufagia vumbi jekundu kwenye matundu ya kompyuta, asubuhi kabla hatujawasha chochote na jioni kabla hatujafunga mlango. Ninyi vijana mnaobaki na chumba cha seva mliniomba niandike nilivyoanza. Nilianza hivyo, mfagizi.

Ilikuwa Ngara, mwaka wa tisini na nne. Watu walikuwa wakivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda mfululizo, na vilima tulivyovijua kama malisho ya ng'ombe vilikuwa vimegeuka mji wa maturubai ya bluu. Mimi nilikuwa binti wa kijiji cha Mabawe, nimemaliza kidato cha nne na kozi ya kupiga chapa, na kompyuta nilikuwa nimeiona kwenye gazeti tu. Shirika lililokuwa likiandikisha wakimbizi lilitaka watu wanaopiga chapa haraka na wanaoelewa Kinyarwanda. Kihangaza chetu kinakaribiana nacho kiasi kwamba watu hukaa wakazungumza bila mkalimani. Nikachukuliwa.

Chumba cha seva kilikuwa kontena la chuma lililowekwa juu ya matofali, na kiyoyozi kimoja ubavuni. Chini ya kiyoyozi alikuwepo chura, ambaye ndiye pekee kati yetu aliyefurahia hewa yake. Jenereta ilikaa nyuma, ikikohoa. Ninyi mna rafu nzima zinazometameta. Sisi tulikuwa na mashine moja ya rangi ya maziwa yaliyochacha, na ndani yake diski tatu. Humo ndimo yalimokuwa majina ya watu waliozidi wenyeji wa wilaya yetu yote.

Mkuu wa kontena lile alikuwa Mzee Hamisi, mtu wa Biharamulo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Kabla ya hapo alikuwa ametunza kompyuta za benki huko Mwanza. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba bila kugeuka, maana alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza akifuatilia waya.

"Unajua kupiga chapa?" aliuliza kutoka huko chini.

"Ndiyo, mzee."

"Unajua kunyamaza?"

"Ndiyo."

"Basi kaa hapo. Na ile swichi nyekundu usiiguse. Ikizimwa hiyo, watu wote hawa wanapotea mara ya pili."

Alinifundisha kila kitu nilichokuja kukijua, na alifundisha kwa maneno machache. Nilipomuuliza kwa nini diski ni tatu badala ya moja, alisema: "Si kama mafiga. Jikoni likitoka figa moja, chungu kinaanguka. Hapa ikifa moja, mbili zinabeba mzigo wake mpaka uweke nyingine. Zikitoka mbili, ndipo kila kitu kinaanguka." Kila jioni aliweka kanda kwenye mashine, ndogo kuliko kaseti za muziki, ili inakili yaliyomo. Kila Ijumaa kanda moja iliondoka na gari la ofisi kwenda kuhifadhiwa Biharamulo, ili kontena likiungua, majina yasiungue nalo.

Jambo jingine alilonifundisha ni la herufi. Sisi watu wa huku tunachanganya r na l, na makarani tuliokaa mezani kuandikisha watu hatukuacha ulimi wetu nyumbani. Mtu mmoja aliandikwa kwa r kambi hii, na dada yake wa damu akaandikwa kwa l kambi ile. Mashine haijui kwamba hao ni ndugu. "Tafuta mara mbili," Mzee Hamisi aliniambia. "Tafuta alivyotamka mwenyewe, kisha tafuta alivyosikia karani." Ushauri huo bado unafaa hata kwenye mitambo yenu ya leo.

Sehemu iliyonikaa moyoni ilikuwa faili za watoto waliopotezana na wazazi. Kila mtoto alikuwa na fomu ya karatasi kwenye kituo alikolelewa. Sisi tuliingiza kwenye seva jina lake, mahali alipookotwa, namba ya fomu na picha. Wazazi walikuja kuulizia. Tuliwatengea dirisha moja la kontena, tukalikata kwa msumeno na kuliwekea turubai.

Mmoja wa waliokuja alikuwa Veneranda. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, aliyempoteza binti yake wa miaka minne siku waliyovuka. Mkono wa mtoto ulichomoka mkononi mwake darajani, katika msongamano, na alipogeuka palikuwa na miguu ya watu tu. Binti aliitwa Nyiraneza, na mama yake alimwita Neza. Veneranda alikuja kila Jumanne, mwaka mmoja, kisha wa pili. Hakulia wala hakugomba. Alisimama, nikatafuta, nikasema hakuna, akasema "Asante, dada," akaondoka. Baada ya muda nilianza kuzichukia Jumanne.

Kosa nililolifanya ni hili: kwa muda wote huo nilikuwa nikitafuta Nyiraneza kwa r. Nilikuwa nimefundishwa kutafuta mara mbili, na kwa wengine nilifanya hivyo. Kwake, sijui kwa nini, sikufanya. Labda ni kwa sababu yeye mwenyewe alilitamka vizuri sana.

Ijumaa moja, mwishoni mwa mwaka wa tisini na sita, nilikuwa nasubiri gari lije kuchukua kanda. Sikuwa na la kufanya, nikaandika Nyilaneza.

Akatokea. Picha ilijifungua polepole kutoka juu kwenda chini, kama zilivyokuwa zikifanya picha zamani: nywele zilizonyolewa, paji la uso, macho, kisha gauni la kitambaa cha maua lililokuwa kubwa kwake. Mahali alipookotwa: darajani Rusumo. Jina la mama: Veneranda. Namba ya fomu ilikuwa ndefu, na mbele yake herufi za kituo ambacho sikukijua. Printa ilikuwa imeishiwa wino, na wino ulitarajiwa kuja na gari la Jumatatu. Kalamu ilikuwa mezani. Nilijisemea kwamba Jumatatu nitachapa karatasi safi, yenye picha, nimpe Veneranda mkononi Jumanne. Nilitaka apate picha. Sikuchukua kalamu.

Jumatatu Mzee Hamisi hakuja. Malaria ilikuwa imemlaza Biharamulo tangu Jumamosi. Nilipowasha skrini nikakuta maandishi kwamba diski ya 1 imekufa. Sikuogopa, kwa kuwa mbili zilikuwa zinabeba na diski mpya ya akiba ilikuwa kabatini. Nilikwenda ofisini kumwambia bosi wetu, mgeni aliyekuwa na simu mbili masikioni siku ile, kwani tayari zilikuwa zimeenea habari kwamba wakimbizi watarudishwa kwao. Alifunika simu moja kwa kiganja.

"Unaweza kuibadilisha mwenyewe?"

"Nimemwona mzee akifanya."

"Basi fanya. Nataka orodha zote za watoto kabla ya jioni."

Kwenye mashine ile kulikuwa na taa ndogo ya kuonyesha diski iliyokufa, lakini ilikuwa imeungua kabla sijaajiriwa. Kwa hiyo nilihesabu. Nilihesabu kama nilivyofundishwa darasa la kwanza Mabawe, kuanzia moja, kutoka kushoto. Diski ya kwanza nikaishika, nikafungua kifungo chake, nikaivuta.

Mashine ile ilihesabu kuanzia sifuri, kwa hiyo diski yake ya 1 ilikuwa ya pili kutoka kushoto. Diski niliyoivuta ilikuwa hai.

Hakukuwa na mlio wala moshi. Skrini iliganda, kisha ikawa nyeusi, na nikaanza kuisikia jenereta vizuri kuliko siku zote. Nilirudisha diski upesi. Nikazima, nikawasha. Mashine ikasema haina inachokijua. Nilikaa sakafuni, diski mapajani, nikiwa nimeishika kwa mikono miwili kama kwamba ingepata baridi.

Gari lilimleta Mzee Hamisi siku ya pili, akiwa bado anatetemeka, kajifunika blanketi. Nilimweleza yote. Hakunifokea. Alitoa kanda ya Ijumaa, aliyorudi nayo kutoka Biharamulo, akaiweka. Kanda ikazunguka, ikarudi, ikazunguka, na mashine ikasema haioni kitu. Akaweka ya Alhamisi. Akaagiza za Biharamulo zilizobaki zirudishwe zote, na zilipofika akaziweka moja baada ya nyingine. Vumbi lilikuwa limekiharibu kichwa cha kinasa. Kwa wiki nyingi mashine ilikuwa ikiandika kila jioni kwamba kazi imekamilika, na ilikuwa ikinakili utupu juu ya kanda zile zile za zamani. Hakuna aliyewahi kujaribu kuirudisha hata kanda moja.

"Niliomba kanda ya kusafishia mara tatu," alisema, akivua miwani. "Lakini kujaribu hakukuhitaji kuomba. Hapo ni mimi."

Siku aliyoletwa ilikuwa Jumanne. Veneranda alikuwa dirishani. Nilimwambia mashine imeharibika, aje wiki ijayo. Akasema, "Asante, dada."

Bosi alitaka maelezo kwa maandishi. Mzee Hamisi aliyaandika kwa mkono wake, nami nikiwa nimeketi mbele yake. Aliandika kwamba diski isiyo yenyewe iliondolewa kwa kukosa maelekezo, na kwamba aliyetakiwa kutoa maelekezo ni yeye. Jina langu halikuwemo. Alinisukumia karatasi niipige chapa.

"Mzee, hii si kweli."

"Ni kweli. Sikukwambia inaanzia sifuri."

"Lakini mkono ni wangu."

"Wewe una miaka ishirini na mbili, Adela. Piga chapa."

Nikapiga chapa. Kabla mwezi haujaisha walimwambia mkataba wake umekwisha. Aliondoka na begi moja na redio yake. Siku ile ningeweza kuingia ofisini nikasema neno moja. Nilifagia vumbi kwenye matundu kwa brashi, nikanyamaza. Hilo sijawahi kumwambia mtu yeyote pale kazini, na baadhi yenu mmesikia nikisifiwa kwa uaminifu kwenye hafla ya kuniaga. Sasa mnajua.

Tulianza kuingiza upya watoto kutoka kwenye fomu za karatasi. Wengi tuliwapata. Lakini vituo vilikuwa vinafungwa kwa haraka, maboksi yakipakiwa kwenye malori bila orodha, na fomu za vituo kadhaa hazikutufikia kabisa. Nilikwenda kwa miguu na kwa lifti za malori kwenye vituo vitatu, nikiulizia mtoto wa gauni la maua. Kwenye kimoja nilikuta walezi wanakunja mahema. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaendelea kukunja.

Halafu barabara ikajaa. Wale walioona siku zile hawahitaji nieleze, na msioona sidhani kama nitaweza. Watu walitembea kuelekea Rusumo wamejaza barabara pande zote, mvua ikinyesha, na sisi tulisimama pembeni na madaftari, tukiandika majina ya watoto waliokuwa peke yao. Seva ya mamilioni ya shilingi ilikuwa kontenani imezimwa. Tulikuwa na kalamu za wino.

Veneranda aliniona kabla sijamwona. Alitoka kwenye mstari akasimama mbele yangu, ndoo kichwani, maji ya mvua yakimchuruzika.

"Dada, mashine imepona?"

Nikamwambia. Sikumwambia yote. Nilimwambia kwamba nilimwona Neza kwenye mashine, na kwamba kabla sijaandika yuko wapi, mashine ikafa.

Alitua ndoo. "Ulimwona?"

"Niliona picha yake."

"Ni mzima?"

"Ni mzima. Picha ilipigwa kituoni, hapa hapa Ngara."

"Alikuwa amekonda?"

"Hapana. Uso ulikuwa wa mviringo."

"Amevaa nini?"

Nikamweleza gauni, rangi ya maua, mikono yake ilivyopita vidole. Akataka nimwelezee masikio. Akauliza kama alikuwa anacheka. Nikasema mdomo ulikuwa umefungwa, lakini si kwa hasira. Alisikiliza hadi nikaishiwa. Askari akapaza sauti kwamba watu wasisimame. Veneranda aliniambia jina la kilima chake huko Rwanda, akalirudia mpaka nikaliandika daftarini, na akalitazama neno lenyewe kama anaweza kusoma, ingawa hakujua kusoma.

"Ukimwona tena, andika kwanza," alisema. Akajitwika ndoo akaingia kwenye mstari.

Nilibaki na kazi hiyo. Wakimbizi wa Burundi walikuwa bado kwenye kambi ya Lukole, wakaendelea kuwepo miaka mingi, na seva zikaja mpya. Nikajifunza mitandao, nikajifunza hifadhi kubwa zenye diski nyingi, na nikawa na sifa ya ukorofi kwa mambo mawili: diski haivutwi mpaka mtu wa pili asome namba yake kwa sauti, na nakala ambayo haijawahi kurudishwa nahesabu kwamba haipo. Mlinung'unika. Nilisikia.

Mzee Hamisi alirudi kulima Biharamulo. Nilimtembelea mara mbili. Mara zote alinikaribisha kwa chai, akaniuliza habari za mitambo, na mara zote niliondoka bila kusema nililokuja kusema. Mara ya tatu nilikuta kaburi. Mke wake alinipa miwani yenye uzi niitazame, kisha akaichukua akairudisha kabatini.

Kambi ya Lukole ilipokaribia kufungwa, tuliletewa mfumo mpya. Ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza mashine pepe: kompyuta isiyo na mwili, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine kubwa pamoja na wenzake kumi au ishirini, na unaweza kuihamisha kutoka mwili mmoja hadi mwingine ikiwa inafanya kazi. Mwili ukifa, yenyewe inaamka kwenye mwili wa jirani. Mwalimu aliyetumwa kutufundisha alizima kwa makusudi seva nzima mbele yetu ili tuone. Watu wakapiga makofi. Mimi nilitoka nje nikasimama kidogo. Kwa vile nafasi sasa ilikuwa tele, tukaamriwa kuingiza karatasi zote za zamani kwa skana, na nakala zake zipelekwe nje, huko mnakokuita kwenye wingu.

Karatasi za zamani zilikuwa stoo ya Biharamulo, maboksi juu ya maboksi, panya wameshaanza kusoma. Nilizipitisha kwenye skana mwenyewe, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye boksi lililoandikwa "vifaa vya jikoni" nilikuta fomu za watoto. Nyilaneza alikuwa karibu na chini. Picha ilikuwa imefifia lakini gauni lilionekana. Mgongoni mwa fomu mlezi mmoja alikuwa ameandika kwa penseli, tarehe ya kabla hata ya Ijumaa yangu, kwamba mtoto amechukuliwa na familia ya wakulima karibu na Nyakanazi, na jina la baba wa familia.

Niliandika kwanza. Kisha nikatuma ujumbe Rwanda, kwenye kile kilima, kupitia wakala wa forodha wa Rusumo niliyemwamini. Jibu lilichukua wiki sita. Veneranda alifariki kwa ugonjwa mwaka wa tatu baada ya kurudi. Kaka yake yupo, anaishi kwenye boma lile lile, na anasema mtoto akipatikana aje.

Nyakanazi nilifika mchana, malori yakiwa yamejipanga. Ile familia walinielekeza kwenye kibanda cha chakula alikokuwa akifanya kazi. Walimlea vizuri, wakambatiza Salome. Alikuwa msichana wa miaka kama kumi na saba, mrefu kama mama yake, akipakua ugali. Aliniamkia shikamoo akidhani mimi ni mteja. Niliomba tuongee, akasubiri madereva wale kwanza, kisha akakaa mbele yangu akijifuta mikono.

Nilimpa fomu. Nikamwambia jina lake, jina la mama yake, la mjomba, la kilima. Alipitisha kidole juu ya gauni pichani.

"Wao waliniambia mama alinitupa darajani," alisema. "Hawakusema kwa ubaya. Ndivyo walivyoambiwa."

"Hakukutupa. Alikuja dirishani kwangu miaka miwili kukuulizia."

"Wewe ukamwambia nini?"

"Nilimwambia hupo."

"Na nilikuwepo."

"Ulikuwepo. Nilipokuona, nikasubiri. Halafu nikaharibu mashine iliyokuwa na jina lako. Mzee mmoja akabeba lawama, lakini ni mimi niliyeiharibu. Nilitoa diski isiyo yenyewe."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka maneno hayo mbele ya mtu. Hakujua diski ni nini. Nikamweleza kwamba ni kifaa cha kutunzia kumbukumbu, na kwamba majina yote ya kambi yalikuwa ndani ya vifaa vitatu vya namna hiyo.

"Kilikuwa na ukubwa gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono, kiganja hiki na kile, nafasi ya kitabu cha sala katikati.

Aliitazama ile nafasi kati ya mikono yangu. Dereva mmoja aliita akitaka maji, hakugeuka.

"Kidogo hivyo," alisema.

Akaikunja fomu, akaiingiza ndani ya blauzi, akainuka kwenda kumpa mtu maji.